Kuchonga nakshi kwenye udongo wa polima: kidani na hereni, hatua kwa hatua

Ukipitisha kidole kwenye mwimo wa mlango wa kale wa Unguja au Lamu, unahisi mnyororo uliochongwa ukipanda na kushuka. Jua la saa kumi likilala upande mmoja, kila pete ya mnyororo ule hutupa kivuli chake. Kivuli hicho ndicho tunachokitafuta hapa, ila kwa kipimo kidogo sana: kidani chenye upana wa milimita 40 na jozi ya hereni za milimita 25, vyote vya udongo wa polima uliookwa katika oveni ya nyumbani na kuchongwa kwa patasi za mkono.

Wanaoanza huniuliza kwanza kuhusu patasi. Mimi huwauliza kuhusu oveni. Kazi nyingi nilizoziona zikimeguka mkononi mwa mchongaji zilikuwa zimekwisha kuharibika kabla patasi haijashikwa, kwa sababu udongo haukuiva. Udongo mbichi kidogo ndani hukatika kama biskuti na kuacha kingo zenye mapengo. Ulioiva sawasawa hutoa unyuzi mrefu unaojikunja mbele ya patasi, mithili ya ganda la penseli inapochongwa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kuoka, na nakuomba usiiruke sehemu hiyo.

Udongo wenyewe

Jina linaweza kukupotosha. Huu si udongo wa mfinyanzi. Ni unga wa plastiki ya PVC uliochanganywa na kilainishi na rangi. Haukauki kwa hewa wala kwa jua. Huiva kwa joto, pale chembe za plastiki zinapokinywa kile kilainishi na kushikana kuwa kitu kimoja. Fimo, mojawapo ya aina za mwanzo, ilitoka Ujerumani katika kazi ya wanasesere: aliyeuanzisha ni binti wa Käthe Kruse, fundi mashuhuri wa wanasesere, kisha kampuni ya Eberhard Faber ikauchukua katika miaka ya 1960. Leo wasanii wa mapambo wanautumia kote duniani, na kuuchonga baada ya kuoka ni tawi lenye mafundi wake. Marekani, kwa mfano, Celie Fago amejulikana kwa kazi hiyo.

Kwa kuchonga, chagua aina imara: Fimo Professional, Premo, Cernit au Kato. Zile laini sana zinazotengenezwa kwa ajili ya watoto hubaki dhaifu zikiwa nyembamba, na kingo za nakshi hazisimami. Pakiti moja ya gramu 57 kwa kila rangi inatosha kazi hii na mabaki ya kujifunzia.

Sisi wa pwani tuna shida yetu, nayo ni joto. Pakiti iliyosahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, au kwenye dirisha la dukani, huanza kuiva polepole na kuwa na chembechembe ngumu. Kabla hujalipa, bonyeza pakiti kwa kidole gumba: ikikubali kubonyea, chukua, ikiwa kama jiwe, irudishe. Nyumbani ifunge kwa karatasi ya kuokea, uiweke mahali penye baridi na giza. Usiiweke ndani ya kopo la plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, kwa maana kilainishi huyeyusha plastiki hiyo na kila kitu kikagandana. Makopo yenye alama ya namba 5 chini yake hayana shida.

Ukikanda na udongo ukawa unanata vidoleni, upange bapa katikati ya karatasi mbili nyeupe usizozihitaji tena, uache usiku kucha. Karatasi itanyonya kilainishi kilichozidi; utaona doa la mafuta asubuhi.

Vyombo

Utahitaji patasi mbili ndogo: moja yenye mdomo wa V, nyingine yenye mdomo wa U, zote za upana wa milimita 1 hadi 2. Zile za kuchongea mihuri ya mpira zinafaa kabisa. Ongeza kigae kimoja cha sakafuni kilicho laini (utafanyia kazi juu yake na kuokea juu yake), chupa iliyonyooka au kifimbo cha kusukumia, wembe mrefu, bikari ya shuleni, penseli, kipimajoto cha oveni, na misasa ya maji ya namba 400, 600, 800 na 1000. Sindano nene, mswaki wa zamani, keekee ya mkono yenye ncha ya milimita 1.5, na kipande cha jinzi kuukuu.

Kifimbo, wembe au trei ikishagusa udongo huu haurudi tena kwenye chakula. Tenga vyombo vyake, uviandike.

Kukanda na kusukuma

Kidani tutakitengeneza kwa tabaka mbili: kahawia iliyokolea chini, rangi ya maziwa juu. Patasi ikipasua tabaka ya juu, rangi ya chini inajitokeza yenyewe bila kupaka chochote. Hereni zitakuwa za rangi moja, nazo tutazijaza mifereji kwa rangi nyingine. Kwa njia hiyo utajifunza mbinu mbili kwa kazi moja.

Kanda kila rangi peke yake, ukianza na ile nyeupe, kwani vidole vyenye kahawia huchafua rangi ya maziwa mara moja. Kanda hadi ukikunja kamba yake isipasuke. Kwa udongo mgumu hii inaweza kuchukua dakika kumi. Unapokunja, bonyeza kuanzia kwenye mkunjo kuelekea nje ili hewa itoke. Kiputo cha hewa hutokisikia sasa. Utakikuta baadaye, patasi itakapotumbukia katikati ya ua.

Sukuma kahawia hadi unene wa milimita 3. Ili unene uwe sawa, weka vijiti viwili vya unene huo kando ya udongo, na kifimbo kipite juu yake. Sukuma rangi ya maziwa hadi milimita 1. Ilaze juu ya kahawia ukianzia upande mmoja, kama unavyotandika shuka, ukisukuma hewa mbele. Pitisha kifimbo mara moja, kwa wepesi tu, zishikane.

Kata duara ya milimita 40 kwa mdomo wa kikombe kidogo cha chuma au kwa kukatia kuzunguka kifuniko cha kipimo hicho. Usiiinue. Ondoa udongo wa pembeni, acha duara palepale kwenye kigae. Ukiinyanyua ingali mbichi itavutika, na duara iliyovutika itakutesa kwenye kuchora. Kwa hereni, sukuma rangi moja ya buluu iliyokolea kwa unene wa milimita 3, ukate duara mbili za milimita 25.

Mabaki usiyatupe. Yasukume kwa unene uleule, uyaoke pamoja. Hayo ndiyo daftari lako la mazoezi. Kata pia ukanda mwembamba wa milimita 2, upana wa kidole: huo ndio shahidi wa oveni.

Kuoka

Soma pakiti kwanza. Premo huokwa kwa nyuzi 130 za Selsiasi, Fimo kwa 110, Kato huhitaji zaidi, karibu 150. Ukichanganya aina mbili, shikilia joto ambalo zote zinalivumilia. Muda unaoandikwa huwa ni dakika 30 kwa kila unene wa milimita 6, lakini huo ni muda wa chini. Kwa kazi ya kuchongwa mimi huoka saa nzima, kwa joto lilelile. Muda mrefu haudhuru. Joto kupita kiasi ndilo linalodhuru.

Oveni nyingi za mezani zinadanganya. Kitufe kinaonyesha 130, ndani kuna 150, na nyaya zinapowaka ghafla joto hupanda zaidi. Umeme ukishuka jioni mtaa mzima ukipika, joto nalo linashuka. Ndiyo maana kipimajoto kinakaa ndani, kando ya kazi yenyewe, wala si karibu na mlango. Washa oveni tupu dakika 20, tazama inatulia wapi, rekebisha kitufe, subiri tena. Andika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta ubavuni mwa oveni yako: "hapa ndipo 130." Utaokoa kazi nyingi kwa alama hiyo moja.

Ingiza kigae kizima na duara zake. Zifunike kwa trei ya foili iliyogeuzwa, isizigandamize. Hii huzuia rangi ya maziwa isigeuke kuwa manjano. Kigae huchelewa kupata joto, kwa hiyo anza kuhesabu saa yako baada ya dakika kama kumi.

Fungua dirisha unapooka. Harufu nyepesi ya plastiki ni ya kawaida. Ukiona moshi au kusikia harufu kali inayochoma pua, udongo unaungua, na PVC inayoungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ni sumu kwa mapafu. Zima, fungua madirisha yote, toa watoto na wewe utoke hadi hewa isafike. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu jiko la mkaa, ambalo joto lake huwezi kulishika, wala maikrowevu.

Saa ikitimia, zima na uache vipoe humohumo. Kisha chukua ule ukanda shahidi, uukunje kwa vidole viwili. Ukipinda na kurudi bila kukatika, udongo umeiva. Ukikatika, rudisha vyote ndani kwa dakika 30 nyingine na uhakikishe kipimajoto. Usiendelee mbele kwa matumaini.

Msasa kabla ya patasi

Hapa kuna mpangilio ambao watu huugeuza. Kidani, ambacho mifereji yake itabaki wazi, hupigwa msasa kabla ya kuchongwa. Ukikipiga baada ya kuchonga, kingo zote kali za nakshi zinakuwa butu na tope la msasa linajaa kwenye mistari. Hereni, ambazo mifereji yake itajazwa, hupigwa msasa mwishoni.

Weka maji kwenye bakuli, tone moja la sabuni, na usugue kwa duara ndogondogo: 400, kisha 600, kisha 800. Maji ni ya lazima, kwa kuwa vumbi la plastiki hii halifai kuvutwa. Sugua kidogo kidogo, kwa maana tabaka ya juu ni milimita 1 tu. Suuza, kausha kwa kitambaa.

Kuchora: pindo na mji

Fikiria kanga. Ina pindo linalozunguka na mji katikati, na jicho linatulia kwa sababu kila kimoja kina mahali pake. Duara ya kidani igawe hivyohivyo. Bandika kipande cha selotepu katikati ili mguu wa bikari usitoboe, kisha chora duara mbili, moja ya nusu kipenyo cha milimita 19, nyingine ya 16. Nafasi ya milimita 3 kati yake ndiyo pindo.

Kwa mji, fungua bikari milimita 14 na uchore duara ya tatu. Bila kubadilisha bikari, weka mguu wake popote juu ya mstari wa duara hiyo na uchore tao linalokatiza duara pande mbili, likipita katikati. Hamia kwenye mojawapo ya sehemu hizo za makutano, rudia. Ukifika mara ya sita utakuwa umerudi ulipoanza, na ua la petali sita limejichora lenyewe. Ua la namna hii mafundi wa nakshi wanalijua katika nchi nyingi, na sababu ni hiyo hesabu: nusu kipenyo, ikipimwa kwa bikari, huingia mara sita kamili kwenye mzunguko wake.

Kwa pindo, mnyororo kamili wa pete zinazopishana unahitaji mkono uliozoea. Kwa kazi ya kwanza nakushauri kamba iliyosokotwa. Zungushia ukanda wa karatasi ukingoni mwa kidani, ukate pale unapokutana. Ukunje sehemu tatu sawa, kisha nusu, nusu tena, na nusu tena. Ukiufungua una mikunjo ya sehemu 24, yaani minne kwa kila petali. Urudishe ukingoni, weka alama kila mkunjo, na kutoka kila alama chora mstari wa mshazari wenye mpindo wa S, kutoka duara ya nje hadi ya ndani.

Kuchonga

Anza na mabaki. Chonga mistari iliyonyooka ishirini, kisha matao ishirini, kabla hujagusa kidani. Utajua mapema sana kama patasi yako ni butu: butu huteleza, husukuma, huacha weupe kando ya mstari. Inoe kwa kuisugua juu ya mkanda wa ngozi uliobandikwa kwenye ubao.

Laza kidani juu ya kipande cha mkeka wa yoga au kitambaa kilicholowana kidogo kisiteleze. Mkono wa patasi unashika mpini ndani ya kiganja, kidole cha shahada kikiwa juu ya chuma. Mkono wa pili unashika kidani, na vidole vyake vyote vinakaa nyuma ya mdomo wa patasi. Sheria hii haina siku ya mapumziko. Patasi inapoteleza huenda mbele, na hukata nyama vizuri kuliko inavyokata udongo.

Inamisha patasi ya V chini, kama unataka kuilaza. Sukuma kwa wepesi. Pita ya kwanza iwe mkwaruzo tu unaoufuata mstari wa penseli. Ya pili ndiyo inayochimba hadi kahawia ionekane. Anayejaribu kufika kwenye kina kwa pita moja ndiye anayeteleza. Kina cha milimita 1.5 kinatosha: unapita tabaka ya juu na kuingia kidogo kwenye ya chini, na bado chini yake pamebaki milimita 2.5 za nguvu.

Kwenye tao, patasi haizunguki. Kinachozunguka ni kidani. Mkono wa kulia unabaki palepale ukisukuma taratibu, wa kushoto unakigeuza kidani kuja kwenye mdomo. Ukiipata mbinu hii, matao yako yatatoka laini bila pembe. Ni jambo la mwili zaidi kuliko maneno; litakuja ukiwa kwenye mabaki, takriban tao la kumi na tano.

Fuata mpangilio huu: duara mbili za pindo, halafu petali ukianza kutoka ncha ya nje kuingia katikati, ukiinua patasi kidogo unapokaribia katikati ili mistari sita isikutane na kumega kitovu. Kisha S za kamba.

Sasa ile ardhi iliyobaki kati ya petali na pindo. Ukiiacha tupu, kazi itaonekana kama mchoro. Ukiipa umbile, ua litainuka. Chukua patasi ya U, uchonge vijisukumo vifupi vya milimita 2, kimoja kando ya kingine. Safu ya pili ianzie katikati ya vile vya kwanza, kama magamba ya samaki. Kila kijisukumo kinaondoa kipande kidogo cha rangi ya maziwa na kuacha kikombe cha kahawia chenye ukingo mweupe. Ni kazi ya kuchosha macho, na inaweza kuchukua muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Ndiyo sehemu watu watakayoigusa. Ukichoka, weka chini hadi kesho. Magamba yaliyochongwa kwa uchovu yanajionyesha.

Ukikosea na kumega kipande, jaza udongo mbichi wa rangi ileile, oka dakika 30, chonga upya. Ukimaliza, safisha mistari kwa mswaki mkavu, ondoa alama za penseli kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na uoke mara ya mwisho dakika 20. Hilo huondoa ule weupe mdogo ulioachwa na patasi.

Hereni za mifereji iliyojazwa

Chonga kwa patasi ya V muundo wa mistari tu, kama kuti la mtende au tawi la piko mkononi. Jambo moja lina uzito hapa: kina kiwe sawa kila mahali. Msasa utashusha uso mzima, na mstari uliochongwa juujuu utafutika.

Chukua udongo mweupe, uulainishe kwa tone moja la mafuta ya watoto. Usugue kwenye mifereji kwa kidole gumba, ukitoka pande zote nne, ili usiache hewa chini. Kwangua ziada kwa wembe uliolazwa. Oka tena dakika 30. Baada ya kupoa, msasa wa maji 400 hadi mistari ijitokeze safi, kisha 600, 800 na 1000. Mwanzoni utaona ukungu mweupe tu na utadhani umeharibu. Endelea. Mstari hutokea ghafla.

Kung'arisha, kutoboa, kuunganisha

Sugua vyote kwa jinzi kavu hadi vipate mng'ao wa hariri. Usipake rangi ya kucha: viyeyusho vyake huulainisha udongo huu na baada ya muda unanata. Ukitaka vanishi, iwe ya maji, na tabaka nyembamba.

Toboa kwa keekee ya mkono, ukizungusha kwa vidole, kipande kikiwa juu ya ubao, tundu likae angalau milimita 3 kutoka ukingoni. Toboa kutoka mbele, upande wenye nakshi, ili kama pametokea mmeguko uwe nyuma. Fungua pete ya kuunganishia kwa koleo mbili ukiisogeza ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukiivuta upana haitafunga tena sawasawa. Ndoano za hereni chukua za chuma kisichoshika kutu, kwa ajili ya masikio yanayowasha.

Kidani cha namna hii kikivaliwa, mafuta ya nazi, poda na jasho huingia kwenye magamba na kuzima rangi. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, ukikung'ute maji, ukilaze juu ya taulo. Dawa ya kufukuzia mbu na manukato jipake kwanza, yakauke, ndipo uvae.